Siku Mtani Wangu Aliponisalimia kwa Heshima

"Mwashibukeni, ba mayo," Mwewa aliniamkia asubuhi ile uani kwangu, akainamisha kichwa na kupiga makofi taratibu, kama mtu anayeingia kwa mkwe.

Kisu kikanitoka mkononi.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua kwa nini. Na wewe ambaye gazeti hili limekufikia leo likiwa limefungiwa chumvi, nitakueleza haraka kisha twende.

Mimi ndiye Ennie, mjane, mpasua samaki wa Kashikishi. Mwaka ule wa hamsini na sita nilifanya kazi kwenye banda la mzungu mmoja, Mgiriki, tuliyemwita Bwana Barafu, kwa sababu boti yake ilileta barafu kutoka Kasenga, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, na kurudi huko na samaki wetu. Pande la barafu lilimwangukia wifi yangu Rosaria likamponda mkono. Angali kalala hospitali ya misheni, Bwana Barafu akamfuta kazi. Mwanamke wa mkono mmoja, alisema, hapasui samaki.

Nikaenda Boma, kwa serikali, kumshtaki. Nilitaka jambo moja tu: Rosaria aliumia kazini, basi atibiwe na nafasi yake imngoje. Habari zilipomfikia Bwana Barafu, akanifuta na mimi. Sababu aliyotoa ni kwamba nilimtukana kapitao wake, msimamizi wa banda. Asubuhi ile tulikuwa tunamngoja Ofisa wa Kazi aje kuamua.

Kapitao mwenyewe ndiye huyo Mwewa. Na ni kweli, nilimtukana. Nilikuwa namtukana kila siku ya kazi, na yeye akinirudishia kwa kipimo kilekile, maana mimi ni wa ukoo wa Mbuzi na yeye ni wa ukoo wa Chui. Kwetu Mbuzi na Chui ni watani, banungwe. Mtani unamwambia lolote, hakasiriki. Unamnyang'anya kitu chake mchana kweupe, na wala hujaiba. Na siku akifa, wewe ndiye unayeshika jembe na kumchimbia kaburi.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimempokonya kofia nikaingia nayo kanisani. Akanifuata hadi mlangoni, kipara nje, na padri mwenyewe akashindwa kujizuia kucheka.

Sasa mtu wa namna hiyo ananiita ba mayo, mama mheshimiwa?

"Mwewa," nikamwuliza, "nani amekufa?"

"Hakuna mutu alikufa, mama."

"Mama yako eko kule Puta. Mimi ni mbuzi. Ju ya nini unaniita mama?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. Shingoni, kama siku zote, alikuwa amevaa kamba yenye hendeli ya kuwashia injini ya boti. Hakuivua hata akila, kwa sababu Bwana Barafu aliogopa watu wasimwibie boti, na bila hendeli ile boti haikuweza kusogea.

"Leo usinichokoze, Ennie. Mbele ya ule Ofisa, usinichokoze. Nakulomba."

"Bwana Barafu alikupa nini?"

"Hakunipa kitu. Alisema kama sisemi sawa vile anataka, natoka mu nyumba yake leo leo, mi na bibi na batoto."

Nilimwonea huruma kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikaukumbuka ule mkono wa Rosaria.

"Na Rosaria? Yeye atoke wapi?"

"Rosaria eko na Mungu na basista."

"Basista habapasue samaki, Mwewa! Akipona atakula nini, sala?"

Akanipigia tena yale makofi ya heshima, akaenda zake. Nikabaki nimesimama na hasira yangu. Tusi la Mwewa lilikuwa halijawahi kuniumiza hata mara moja, lakini heshima yake iliniuma mno.

Ofisa wa Kazi alikuja bandani na gari la Boma jua likiwa limeanza kuchoma. Alikuwa mzungu kijana, pua imebabuka, mgeni kabisa wa upande huu. Tulimkalisha juu ya kreti ya samaki tuliyoitandikia gunia, maana kiti kilikuwa kimoja tu na Bwana Barafu alikuwa ameshakikalia. Mesenja Fanwell, mtu wa Boma, alisimama kando yake kumfasiria.

Wapasua samaki wote walikuja. Fanwell aliwaambia waweke visu chini. Wakamwuliza kama na yeye ataweka kofia yake chini, basi akawaacha.

Ofisa akaeleza, na Fanwell akafasiri: "Anasema hivi. Kama huyu mama alifukuzwa kwa kosa la kweli, yeye si mfanyakazi wa hapa tena, na shtaka lake ju ya mwenzake hawezi kulisikiliza. Kama kosa hakuna, atalisikiliza Jumatatu, pale Bomani Nchelenge."

Kwa hiyo mambo yote yalikuwa yanategemea matusi yangu. Nilifukuzwa kwa haki, Rosaria amekwisha. Sikufukuzwa kwa haki, Rosaria ana mtu wa kumsemea.

Bwana Barafu akasimama. Mgiriki yule alikuwa mnene, na Kiswahili chake cha Kasenga alikijua kuliko baadhi yetu.

"Mi niko patro wa haki, tajiri wa haki," akasema. "Ule mwanamuke alimutukana kapitao yangu mbele ya bantu yote. Alisema, siku unakufa nitakuzika tumbo juu. Alor, hiyo ni kitu gani? Ni kumutisha na kifo! Kapitao ni mukono yangu. Anamutukana yeye, ananitukana mi."

"Ulisema hivyo?" Ofisa akaniuliza.

"Nilisema, bwana. Na mengine pia nilisema, ila yeye hakuyashika."

Wanawake wakacheka. Fanwell akakohoa.

"Kwa nini ulisema?"

"Ju eko munungwe yangu."

Fanwell akaeleza, akaeleza, mikono ikipanda na kushuka. Ofisa akakunja uso.

"Ni ndugu yako?"

"Hapana, bwana."

"Mume wako?"

"Mungu anilinde!"

Hapo hata wavuvi waliokuwa wakishona nyavu nje waliacha kazi wakasogea.

"Kwa hiyo si ndugu na si mume," akasema Ofisa, "lakini una ruhusa ya kumwambia atakufa vibaya?"

"Si ruhusa, bwana. Ni lazima. Siku ile simutukane, atafikiri namuchukia."

"Anakubali!" Bwana Barafu akapiga paja. "Umesikia, Ofisa? Anakubali na kinywa yake!"

"Patro anajua hii mambo," nikasema. "Miaka yote alikuwa anatusikia na anacheka."

"Mi? Sikucheka hata siku moja."

Mwongo mkubwa. Kitambi kile tulikuwa tunakiona kikitikisika kutoka mwisho wa banda.

Ofisa akainua mkono tunyamaze. "Aliyetukanwa ndiye atakayesema," akaamua, na Fanwell akamwita Mwewa.

Mwewa akaja katikati. Alikuwa ameishika hendeli kwa mikono miwili kifuani kama mtu anayebeba msalaba wa maandamano.

"Je, mama huyu alikutukana?"

Nilimtazama usoni. Yeye alikuwa akitazama paa.

"Ndiyo, bwana," akasema. "Alinitukana. Moyo yangu iliumia."

"Awe, Mwewa!" wanawake wakalia. "Awe! Awe!"

Bibi mmoja wa ukoo wake, Chui kamili, alijifunika uso kwa kitenge. Fanwell alisahau hata kufasiri. Chui amesimama mbele ya watu akasema ameumizwa na Mbuzi! Haijawahi kutokea. Mtu akishasema hivyo, Mbuzi gani tena atashika jembe siku yake? Ndugu zake wenyewe watahangaika na maiti.

Mimi kufukuzwa kazi sikulia. Kwa neno lile machozi yalinijaa, nawaambia wazi. Kisha yakakauka, maana nilimwona Bwana Barafu amemkonyeza Mwewa.

Ofisa alikuwa ameshaichukua kofia yake.

"Bwana Ofisa," nikaita, "nina neno."

"Niambie."

"Si kwako, bwana. Ni kwa huyu."

Nikamwendea Mwewa mpaka pua zetu zikakaribia kugusana. Nikaweka mikono kiunoni.

"Mwewa! Uko chui gani wewe? Chui ya kulala chini ya meza ya muzungu na kulamba sahani! Babu zako walikula mbuzi muzima. Wewe unangojea miba!"

Akatazama paa.

"Siku unakufa sikuzike. Nitakupasua, nitakutia chumvi, nitakuanika pale juu. Na nzi zitakuja, zitakunusa, zitasema: awe, hii hapana, hii ni ya mwaka jana!"

Mtu akacheka nyuma. Mwingine akafuata.

"Unasikia, Ofisa?" Bwana Barafu alikuwa amesimama. "Unasikia? Mbele yako!"

Ofisa alikuwa anasikia, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa Mwewa, ambaye mdomo wake wa chini ulikuwa umeanza kucheza.

Nikajua nimempata. Nikampa la mwisho polepole.

"Siku mama yako alikuzaa kule Puta, alikuangalia. Akakuangalia tena. Akamuambia mukunga: mama, rudisha, hii haijaiva."

"Na wewe!" Mwewa akalipuka. "Mbuzi ya ndevu! Bwana yako hakukufa na ugonjwa, alikufa ju ya sauti yako! Siku yako mi sichimbe kaburi. Nitakutupa mu ziwa. Na mamba zitafanya mukutano, zitaulizana nani aanze, na yote itasema: mi nimeshiba!"

Banda zima likapasuka. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, naye angecheka. Mimi nilicheka mpaka nikamshika Mwewa bega nisianguke, na yeye akanishika mimi, machozi yakimtiririka. Fanwell alikuwa ameegemea nguzo, kofia ya Boma imempanda upande.

Kisha Mwewa akajisikia mwenyewe. Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Ofisa hakuhitaji kufasiriwa sana. Akamwuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: "Moyo wako uliumia?"

Mwewa akamtazama Bwana Barafu. Akanitazama mimi. Nilimwona akimeza, na nadhani alikuwa anaimeza nyumba yake, mlango na paa.

"Iliumia, bwana," akasema. "Iliumia ju ya kumuita mama."

Fanwell akafasiri. Ofisa akatoa tabasamu dogo akalirudisha haraka.

"Kosa hakuna," akasema. "Mama huyu ni mfanyakazi wa hapa tangu leo kama jana. Shtaka lake kuhusu yule aliyeumia nitalisikiliza Jumatatu."

Vigelegele! Nasema vigelegele, wasomaji wangu. Wanawake walinibeba juujuu na visu vyao mkononi, nusura wanipasue mimi. Nilimwona Rosaria moyoni mwangu amekaa kitandani kwake, anaambiwa habari, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kama kawaida yake. Nilijua nimeshinda.

Nilijua uongo.

Nilipowekwa chini, Bwana Barafu hakuwa amekasirika. Alikuwa ameketi tena, anajipepea kwa kofia.

"Muzuri," akasema. "Mi naheshimu sheria. Ofisa anasema ule mwanamuke ni mufanyakazi yangu. Alor, ni mufanyakazi yangu. Na kazi yangu sasa iko Kasenga. Samaki iko tayari mu boti, barafu inayeyuka. Apande, apasue samaki kule."

Kicheko kikakatika.

Kasenga ni Kongo, kwa Wabelgiji. Neno la Boma letu linafika katikati ya maji tu, zaidi ya hapo ni upepo. Nikivuka, Jumatatu itanikuta ng'ambo bila karatasi ya kurudia, na pale Nchelenge litaitwa jina langu hakuna atakayeitika. Shtaka la Rosaria litafungwa kwa sababu mwenye kushtaki hakutokea.

"Jumatatu ana shauri," Ofisa akasema.

"Jumatatu atarudi. Kama boti inarudi." Bwana Barafu akainua mabega. "Ile injini iko na magonjwa, wakati mwingine."

"Nikikataa kupanda?" nikauliza.

Ofisa alijua jibu na halikumpendeza. Alilitoa bila kuniangalia. "Mwajiri anaweza kumpeleka mfanyakazi wake penye kazi. Ukikataa amri, hilo ni kosa. Na hilo," akaongeza, "si la utani."

Nawaambieni, nilimchukia mtu yule aliyekuwa upande wangu kuliko yule aliyekuwa dhidi yangu.

"Kapitao!" Bwana Barafu akaita. "Kazi yako ya mwisho. Mupandishe ule mwanamuke, washa injini. Kisha toa bintu yako mu nyumba yangu."

Mwewa akatangulia kwenda ufukweni, nami nikafuata. Wanawake walitusindikiza kama watu wanaotoka makaburini. Boti ilikuwa imeegeshwa kwenye maji ya magotini, imejaa, maji ya barafu yakidondoka kutoka ubavuni. Jua lilikuwa limepanda juu kabisa. Samaki wale wakichelewa hapo mpaka jioni, hata Kasenga yenyewe ingewakimbia.

Nikakunja kitenge, nikaingia majini. Mwewa akasimama kando yangu, akishika ubao wa boti niupande.

"Ennie," akasema chini chini. "Mbuzi."

"Sema, chui."

"Nasikia haya."

"Usikie. Ni haki yako."

"Uliniibia kofia," akasema. "Uliniibia tumbako. Ile siku ya Noeli uliniibia kuku mu chungu. Sasa unaenda Kongo, na leo hauchukue kitu yangu hata moja?"

Na akainamisha shingo.

Hendeli ikaning'inia mbele ya uso wangu.

Sikufikiri. Nikaivuta kamba ikamtoka kichwani na kumwachia mchubuko sikioni, nikageuka nikakimbia, nikiwa nimelikumbatia lile chuma kifuani. Sikukimbilia nchi kavu. Huko walikuwepo watu wa Bwana Barafu. Nilikimbilia ziwani, maji yakanifika mapajani, kiunoni, kifuani.

"Mwizi!" Bwana Barafu alikuwa anateremka ufukweni, viatu vikizama mchangani. "Manivele yangu! Mesenja, kamata mwizi!"

"Mwizi nani?" nikamjibu kwa sauti ile niliyomwua nayo mume wangu. "Munungwe akichukua kitu cha munungwe hajaiba! Uliza bantu yote! Patro alisema nipande boti, sikukataa. Boti iwake, nitapanda!"

"Hajaiba!" wanawake wakaitikia ufukweni. "Hajaiba! Hajaiba!"

Bibi yule wa Chui, aliyejifunika uso, ndiye aliyeanza kucheza. Mwewa alisimama palepale majini, mikono mitupu ameinyoosha pembeni kama mtu aliyeporwa kweli, na kwenye uso wake nilimwona tena mtani wangu.

Kila dakika maji ya barafu yalizidi kudondoka kutoka kwenye boti. Bwana Barafu aliyaona. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa ananihitaji kuliko nilivyomhitaji yeye.

"Acha Rosaria arudi kazini," nikampigia kelele, "na hii nitaileta na mukono yangu mwenyewe!"

Akafungua mdomo. Haki ya Mungu, alikuwa karibu kukubali.

Lakini Ofisa alikuwa ameshafika ukingoni. Alinyanyua mkono, na watu wakanyamaza, maana hata hapo tulikuwa bado tunamtumaini. Akamwuliza Mwewa swali, na Fanwell akalifasiri kwa sauti ya mtu anayetamani kuwa bubu.

"Anasema, ameelewa sasa mambo ya utani. Kitu cha mtani si wizi. Anauliza tu: hiyo hendeli ni ya Mwewa?"

Wanawake wakatazamana. Mwewa akateremsha mikono.

Hendeli ilikuwa ya Bwana Barafu. Na Bwana Barafu si Chui, wala si mtani wa mtu yeyote pwani hii.

"Kamata," akasema Bwana Barafu, na sasa alikuwa anacheka, kitambi kikitikisika.

Fanwell akaketi mchangani, akaanza kufungua kamba za viatu vyake, moja moja, bila haraka. Nikainua hendeli juu ya kichwa ili waione wote, wajue nikizama mimi nayo inazama. Hapo nilipo maji yalikuwa yananifika mabegani, na mimi, mzaliwa wa ziwa hili, kuogelea sijui.

Nikarudi nyuma kidogo. Mguu haukugusa kitu.